Anko, mjomba na baba mdogo

Kwa zaidi ya miaka mitano, wanaofundisha kompyuta maana za maneno walisumbuliwa na anko. Februari 2004, W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilipitisha OWL, lugha ya kuandikia ontolojia. Kwa OWL uliweza kuiambia mashine kwamba kila mama ni mzazi, kwamba mtu ana baba mmoja tu, na kwamba "mzazi wa" na "mtoto wa" ni uhusiano uleule ukitazamwa pande mbili. Hukuweza kuiambia kwamba ndugu wa kiume wa mzazi ni anko. Kuunganisha uhusiano na uhusiano ili uzaliwe wa tatu kuliachwa nje kwa makusudi: ukiruhusu minyororo ya aina hiyo bila mipaka, huna tena hakika kwamba mashine itafikia jibu. Anko alipata njia katika OWL 2, Oktoba 2009, tena kwa masharti.

Neno lenyewe, ontolojia, ni la wanafalsafa, ambao kwao ni elimu ya kuwapo kwa vitu. Wanakompyuta wamelipa wingi. Tom Gruber alilifafanua mwaka 1993, na kwa ufupi alimaanisha maelezo bayana ya namna tunavyoliwazia eneo fulani. Ndiyo maana leo ipo hata ontolojia ya jeni. Ningependa tuseme uainishaji, neno tulilo nalo tayari, lakini uainishaji hukoma vitu vikishapangwa mafungu. Ontolojia husema pia vinahusianaje, na mashine ikapata hitimisho ambalo hakuna aliyeliandika. Basi ibaki ontolojia.

Sasa huyo anko atafsiriwe. WordNet, hazina ya Kiingereza iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1985 chini ya George Miller, ina makundi 117,659 ya visawe katika toleo la 3.0. Katika kundi moja, anko ni ndugu wa kiume wa baba au wa mama, na pia mume wa shangazi. Mswahili hana mtu huyo. Ndugu wa mama ni mjomba. Ndugu wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na pwani utasikia ami au amu. (Mjini "anko" mwenyewe amekwisha kuingia, ila huyo ni wa kila mtu, hata dereva wa bodaboda.)

Mradi wa EuroWordNet, uliofanyika kati ya 1996 na 1999, ulikutana na mapengo ya namna hii. Kila lugha ilijengewa mtandao wake, kisha mitandao ikaunganishwa kwa faharasa ya kati, na neno lisilo na mwenzake likaruhusiwa kufungwa kwenye dhana pana zaidi. Kwa mpango huo mjomba angewekwa chini ya anko, na sioni ubaya. Baba mdogo je? Naye akiwekwa hapo, anakuwa jirani wa mjomba, na kinachopotea ni kwamba kwetu yeye ni baba. Watoto wake ni ndugu zangu, akisema, nanyamaza.

Ontolojia haikatazi dhana moja kuwa chini ya dhana mbili, kwa hiyo mwandishi mwenye nia njema atamweka pia chini ya baba. Hapo ndipo ile kanuni ya baba mmoja inapomgeukia. OWL haidhani kwamba majina mawili ni lazima yawe ya watu wawili. Ikiambiwa Juma ana baba mmoja tu, kisha ikaonyeshwa baba wawili, mashine haitalalamika. Itahitimisha kwamba baba yake Juma na baba yake mdogo ni mtu mmoja, na kuanzia hapo mke wa mmoja ni mke wa mwingine.

Dawa ipo, nayo ni kuandika mahusiano mawili: baba aliyemzaa mtu, na baba wa ukoo. Kanuni ya mmoja tu ifungwe kwenye lile la kwanza.