Mgeni wa Matekwe na Kitambulisho cha Mjukuu Wake

Wanafunzi wangu wanapoisimulia historia ya Nachingwea, huanza na karanga na kuishia kwa Samora Machel. Wanajua kwamba mpango wa Waingereza wa karanga, ulioanza mwaka 1947, ulianguka kwa aibu ndani ya miaka michache, na kwamba katika mashamba hayohayo FRELIMO ilijenga kambi yake kuu ya mafunzo. Picha za wapiganaji tunazo. Wanaosahauliwa ni waliovuka Ruvuma bila bunduki: akina mama, wazee na watoto waliokimbia baada ya vita kuanza tarehe 25 Septemba 1964. Hawa walihitaji mambo ya kawaida kabisa: maji, dawa, shamba na mwalimu.

Wengi walifikia kwanza kwa jamaa. Mmakonde, Mmakua au Myao aliyevuka mto ule hakuwa mgeni wa lugha wala wa ukoo. Alikuwa mgeni wa dola tu. Dola nayo ilimtengea mahali. Mwaka 1965 yalianzishwa makazi ya Rutamba, wilayani Lindi, na baadaye ya Matekwe, ndani ya Nachingwea, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Ruangwa. Utaratibu ulikuwa wa pande tatu: Serikali ilitoa ardhi na uongozi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha, na TCRS, shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1964, lilichimba visima, likajenga shule na zahanati. Chakula cha msaada kiligawiwa hadi watu walipovuna, kisha makazi yakabidhiwe Serikali yawe sehemu ya wilaya. Kwa nchi yenye uhuru wa miaka minne tu, na kwa mkoa ambao wenyeji wake nao walikuwa wakiisubiri zahanati, huo ulikuwa ukarimu mkubwa.

Lakini ukarimu huo ulikuwa na kamba mguuni. Sheria ya Wakimbizi ya 1965 iliipa Serikali mamlaka ya kumwamuru mkimbizi akae katika makazi aliyopangiwa. Kuondoka bila kibali kulikuwa kosa. Huduma, kwa hiyo, ilifungwa mahali. Aliyebaki kijijini kwa shemeji yake aliishi kwa kutambuliwa na balozi wa nyumba kumi, na katika zama zile kutambuliwa huko, nadhani, kulitosha kumfikisha mtoto darasani.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wengi walirejea, wengine walikuwa wameshazika wazazi wao huku, wakabaki.

Leo balozi hatoshi. Tangu Januari 2020, laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole imekuwa ikizimwa, na usajili huo kwa raia hudai namba ya NIDA. Katika usaili wa kuipata namba hiyo, ofisa wa Uhamiaji huweza kumuuliza kijana wa Matekwe babu yake alizaliwa wapi. Akijibu kwa ukweli, matatizo huanza. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wakifungue Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya 1995: kwa maneno yake, aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya Muungano ni raia, isipokuwa katika mazingira machache kama ya watoto wa wanadiplomasia. Hakimtaji babu. Hata hivyo, kiutendaji kifungu hicho husomwa kwa ufinyu kuliko kilivyoandikwa.

Kenya ilichelewa vilevile. Wamakonde wa Kwale, ambao asili yao ni Msumbiji, waliandamana kwenda Nairobi Oktoba 2016 kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Sisi hatuhitaji maandamano. Wazee waliokuwa na wageni hao shambani bado wapo Nachingwea na Ruangwa. Halmashauri zinaweza kuwaapisha na kuandika ushahidi wao sasa, wakiwa hai.