Chozi na nondo: mmoja twamsifu, mwengine twampiga kandambili

Magharibi ikiingia, kwenye maua ya mpapai huonekana kitu kinavuma, kimesimama hewani, mdomo mrefu umezama ndani ya ua. Wengi husema ni chozi. Chozi saa hiyo ameshalala. Huyo ni nondo (si chuma cha fundi, ni yule jamaa wa kipepeo arukaye usiku), na mara nyingi ni nondo wa viazi, *Agrius convolvuli*.

Chozi wa kawaida mabustanini kwetu, *Cinnyris bifasciatus*, hafiki gramu 10. Dume ana kijani cha kung'aa kichwani na mkanda wa zambarau kifuani. Jike ni wa kijivu tu. Mdomo wake ni mgumu na umepinda. Apatapo kijiti hutua anywe, kwani kuelea hewani humchosha.

Nondo ana miguu sita na mabawa manne, ambayo yakitandazwa huweza kupita sentimita 10. Ule tuuonao kama mdomo ni mrija laini, mrefu kuushinda mwili wake, na akishakunywa huuzungusha kama springi ya saa. Kabla ya kuruka hutetemeka kwanza apate joto, kama mashine ya boti asubuhi. Ukimshika hukuachia unga vidoleni.

Sasa tuje kwenye papai. Mipapai yetu mingi dume ni mti wake na jike ni mti wake, na unga wa maua lazima utoke huku ufike kule. Utafiti uliofanywa mashambani hapa Kenya ulionyesha kuwa wachukuzi wakuu ni nondo wa aina hii. Chozi twamwona mchana kutwa kwenye maua ya mgomba, lakini ndizi tulazo huzaa bila kuchukuliwa unga. Mgomba humpa kinywaji cha bure.

Kweli, kiwavi wa nondo hula majani ya viazi vitamu, na mkulima ana haki ya kukasirika. Lakini apigaye dawa shamba zima, kisha akakata mipapai dume yote kwa kuwa "haizai", asishangae maua ya majike yakipukutika. Bakisha dume mmoja au wawili. Viwavi nao ni wakubwa kama kidole, na ile pembe ya mkiani haidungi: waokote kwa mkono asubuhi, uwape kuku.