Kubana Sauti Bila Kuipunguza: Historia Fupi ya Faili za Sauti

Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, Hugh Tracey alinasa gitaa na sauti ya Mwenda Jean Bosco, kijana aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga. Tangu hapo uimbaji huo umehamishwa kutoka chombo hadi chombo, na kila uhamisho huzusha swali moja: je, kinachosikika leo ndicho kilichonaswa siku ile? Swali hilo si la mafundi peke yao. Kiswahili cha Kongo kimesemwa na kuimbwa kuliko kilivyoandikwa. Kwa hiyo anayekichunguza hutegemea sauti kama vile mwanahistoria anavyotegemea hati.

Vyombo vya kwanza vilikuwa na kasoro ya kuharibika kwa kutumiwa. Edison alibuni fonografu mwaka 1877. Baadaye watafiti walinasa sauti juu ya silinda za nta, na sindano iliifuta nta kidogo kidogo kila iliposomwa. Katika hifadhi ya sauti iliyoanzishwa Berlin mwaka 1900, silinda zilinakiliwa kwa kutengeneza kalibu ya shaba, na kazi hiyo iliiharibu nta ya asili. Kanda za sumaku zilirahisisha unakili, lakini kila nakala iliongeza mvumo wake. Nakala ya nakala ilikuwa daima maskini kuliko mama yake.

Hali ilibadilika sauti ilipogeuzwa kuwa tarakimu. Katika diski iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Tarakimu zaweza kunakiliwa mara elfu bila kubadilika hata moja. Lakini ni nyingi mno: saa moja ya sauti ya njia mbili hufikia megabaiti 635 hivi, mzigo mkubwa kwa kompyuta za miaka ya 1990. Ili kuupunguza, wataalamu walishika njia mbili.

Njia ya kwanza ni kubana kwa kupoteza. MP3, iliyotokana na kazi ya Karlheinz Brandenburg na wenzake nchini Ujerumani na kupewa jina hilo mwaka 1995, hutupa yale ambayo sikio la mtu halitarajiwi kuyasikia, kwa mfano sauti hafifu inayofunikwa na sauti kubwa. Kwa biti 128,000 kwa sekunde, saa ile ile hubaki megabaiti 58 hivi. Msikilizaji wa kawaida huridhika. Mwanafonetiki, hata hivyo, hachunguzi kwa sikio tu. Huchora mawimbi na kuyapima. Mbano unapozidi, masafa ya juu hukatwa kwanza, na humo ndimo zilimo dalili nyingi za konsonanti kama *s* na *f*. Kilichotupwa hakirudi.

Njia ya pili ni kubana bila kupoteza. Msingi wake ni nadharia ya habari ya Claude Shannon ya mwaka 1948: jambo linaloweza kutabiriwa halihitaji kuandikwa kwa urefu. Kompyuta hukisia kila kipimo cha sauti kutokana na vilivyotangulia, kisha huandika tofauti tu kati ya makisio na ukweli. Kwa kuwa tofauti hizo kwa kawaida ni ndogo, faili hupungua, mara nyingi kufikia karibu nusu. Nayo ikifunguliwa, hurudisha kila tarakimu mahali pake. Programu ya Shorten ya Tony Robinson ilifanya hivyo katika miaka ya 1990. FLAC ya Josh Coalson ilitoka mwaka 2001, huru kwa watu wote, na mwaka 2024 maelezo yake yalichapishwa kama kiwango cha intaneti. Ndani yake huwekwa pia alama ya kukagua kama sauti ni ile ile iliyobanwa.

Kila muundo, basi, una mahali pake. Kwa nakala mama, Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti hupendekeza faili ya WAV isiyobanwa, yenye vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila kimoja. Mahali ambapo nafasi ni haba au faili husafirishwa mbali, FLAC hulinda kila kitu kwa gharama ndogo. MP3 yafaa kwa kusikiliza, kufundishia na kugawia wanafunzi kwa simu. Lakini kuigeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi kitu. Ni kulifunga sanduku lililokwisha kuibwa. Mahojiano yaliyozaliwa katika MP3 yatunzwe jinsi yalivyo, na historia yake iandikwe.

Uamuzi huo hufanywa mapema, kabla mzee hajafungua kinywa, mtafiti anapochagua muundo katika kinasa sauti chake. Nakala nyepesi yaweza kutolewa katika nakala kamili wakati wowote. Kinyume chake hakiwezekani. Na mara nyingi msimulizi hatakuwapo tena wa kuulizwa.