Kiburu, Maziwa na Mizani ya 1931

Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika mkoani Kilimanjaro, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi na wenzao wa Moshi. Vijana wa kiume 77 wenye afya njema waligawanywa makundi. Wa vijijini walilishwa kwa wiki mbili soseji, mkate mweupe, chipsi na vingine vya aina hiyo. Wa mjini wakarudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga za majani na ugali wa ulezi. Kundi la tatu likanywa mbege kwa wiki moja. Wachache wakaachwa na mlo wao wa siku zote. Damu za waliohamia chakula cha Kimagharibi zilionyesha ongezeko la viashiria vya mchochota, yaani ile hali ya kinga ya mwili kubaki imewaka bila jeraha wala vimelea, ambayo ikikomaa huandamana na kisukari, maradhi ya moyo na ya viungo. Seli zao za kinga nazo zikawa goigoi zilipokutanishwa na vimelea. Kwa walioshika mlo wa kijadi na wanywa mbege, viashiria hivyo vilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Haikuchukua muda watu wakaanza kusema kwamba chakula cha mababu ni dawa. Na vipimo vya damu sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwenye neno mababu.

Tazama bakuli la kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, ambalo kila Mchagga atakuapia kuwa ni chakula cha asili. Ndizi ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Maharage yalitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, wala hayakuvuka Atlantiki kabla ya karne ya 16. Ulezi ndio mwenyeji hasa, zao lililofugwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hata mahindi, ambayo leo hakuna mlo wa kijijini unaotajwa bila hayo, yanabeba ugeni wake katika jina lenyewe. Huko pwani mambo hayakuwa tofauti: uchimbaji wa akiolojia Pemba unaonyesha kwamba walaji wa mawele waligeukia mchele kadiri karne zilivyosonga baada ya mwaka 1000. Basi kama kinachotuliza mchochota ni ukale wa chakula, kiburu kingepaswa kushindwa. Hakikushindwa, kwa hiyo sababu itafutwe kwingine, na mimi naitafuta katika chanzo ambacho wasifiaji wa chakula cha asili hukitaja sana na kukisoma kidogo.

Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa ripoti ya John Boyd Orr na John Gilks kuhusu umbo na afya ya Wakikuyu na Wamaasai. Gilks alikuwa mkuu wa idara ya tiba nchini Kenya. Orr alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, mtaalamu wa lishe ya mifugo aliyeshughulika sana na madini ya malisho, na baadaye mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1949. Mizani yao ilisema kwamba mwanamume wa Kimaasai, anayeishi kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi Mkikuyu inchi 5 kwa urefu, ratili 23 kwa uzito, na nguvu za misuli kwa asilimia 50. Mkikuyu, mla nafaka, viazi na kunde, akatiwa katika orodha ya wenye upungufu. Kwa miongo mingi tarakimu hizo zimesafiri peke yake, na leo zinapendwa na wale wanaohubiri kwamba binadamu aliumbwa ale nyama na kwamba nafaka ndiyo iliyotuwasha mwili. Hao sitawapa nafasi kubwa. Ripoti ileile wanayoinukuu inasema kwamba maradhi ya mapafu na vidonda vya kitropiki vilikuwa vingi kwa Wakikuyu, ilhali kufunga choo na baridi yabisi ya viungo vilionekana zaidi kwa Wamaasai. Baridi yabisi ni mchochota wenyewe, umekaa kwenye vifundo. Kweli, inawezekana madaktari wa siku zile waliita baridi yabisi kile kilichokuwa brusela iliyotokana na maziwa mabichi, maana brusela nayo huuma viungo. Lakini anayeichukua ripoti kwa ajili ya inchi 5 hana haki ya kuuruka ukurasa wa maumivu. Na George Mann, aliyechunguza mishipa ya Wamaasai 50 waliofariki na kuchapisha mwaka 1972, aliikuta mafuta yameganda kutani, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi cha kutoziba. Hapo sifa ziende kwa miguu ya Wamaasai kabla ya kwenda kwa nyama yao.

Anayestahili kusikilizwa kwa utulivu ni mwanahistoria Cynthia Brantley, aliyeirudia ripoti hiyo mwaka 1997. Hoja yake kuu ni kwamba Orr na Gilks hawakupima mila mbili za ulaji zilizosimama tangu zamani. Wakikuyu wa miaka ya 1920 walikuwa wamepunguziwa ardhi na malisho, wanaume wao wamechukuliwa na mashamba ya walowezi ambako mgao ulikuwa posho, unga wa mahindi siku nenda siku rudi. Kilichowekwa kwenye mizani kilikuwa mwili wa kibarua, kikaitwa mwili wa kabila. Tena ripoti yenyewe iliandika kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kwa wingi, chakula ambacho wanaume walikidharau. Kwa hiyo ndani ya boma moja kulikuwa na milo miwili, lakini ulinganisho uliopata umaarufu ni wa wanaume. Mlo uliokuwa umekamilika zaidi ulikuwa mbele ya macho yao, wakaupita, kwa kuwa walikuja kutafuta maziwa.

Hapa ndipo ninapoona jibu la Kilimanjaro. Kinachounganisha vyakula vilivyotuliza damu mwaka 2025 ni kazi iliyofanywa juu ya mazao, hata kama mazao yenyewe yalikuja jana. Mbege ni mfano mzuri. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huloweshwa, huachwa uote, hukaushwa na kusagwa, kisha hupikwa uji. Maji ya ndizi yaliyochujwa huchanganywa na uji huo, na gome la msesewe hutia uchungu wake. Kila hatua inaleta vijidudu hai au inafungua virutubisho vilivyofungwa ndani ya punje, na punje haipotezi ganda lake. (Wanywaji wa Kibosho na Machame wasishangilie mapema: mbege ni pombe, na wiki moja ya kipimo maalumu si Jumamosi ya kilabuni.) Ndivyo dona inavyotofautiana na sembe: hindi ni lilelile, mgeni yuleyule, ila sembe imekobolewa ikabaki wanga mtupu. Utafiti uliotangulia wa mwaka 2021, uliochukua Watanzania 323 wa mkoa huohuo, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba kinga za watu wa mjini zimewaka zaidi kuliko za vijijini, na kwamba mlo ni sehemu kubwa ya sababu, zikiwemo flavonoidi za mimea zinazopungua mtu anapohamia mjini.

Atakayenipinga ana silaha. Hugh Trowell, aliyetibu watu katika hospitali ya Mulago kwa miaka mingi, aliandika kwamba maradhi mengi ya Ulaya yalikuwa adimu Uganda. Lakini Trowell huyohuyo alishuhudia kwashakoo kwa watoto wa Buganda walioachishwa ziwa na kupewa ndizi tupu. Mlo wa mimea uliwahi kuua, na njaa ilikuwepo. Nakiri, na naona inaongeza uzito wa hoja: ndizi bila maharage, bila mboga wala karanga, ni nusu ya chakula, kama posho ilivyokuwa. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wiki mbili ni muda mfupi, watu 77 ni wachache, na kiashiria cha damu bado si ugonjwa uliozuiliwa. Hilo haliondolewi kwa maneno, linangoja majaribio marefu. La tatu hakuna aliyelipigia kelele, nalo liko kwenye kichwa cha makala ya 2025 chenyewe: jaribio lilikuwa la wanaume. Miaka 94 baada ya Orr na Gilks, anayekoboa au kuacha kukoboa, anayeotesha ulezi na kuchuma majani, bado hajatolewa damu katika jaribio hilo.