Tarumbeta Iliyowashtua Wasikilizaji: "West End Blues", 1928

Tarehe 28 Juni 1928, mjini Chicago, mpiga tarumbeta Louis Armstrong na kundi lake la Hot Five waliirekodia kampuni ya Okeh "West End Blues", utunzi wa mlezi wake Joe "King" Oliver, katika santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ambayo upande wake mmoja ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Wimbo hufunguliwa na tarumbeta peke yake katika kadenza, yaani kifungu anachokipiga mwanamuziki mmoja bila kufungwa na mapigo, na sekunde hizo chache, ambazo hata leo hazijapoteza ukali wake, ndizo zilizowatikisa wengi. Ingawa santuri hiyo ilitolewa katika orodha iliyolenga wanunuzi Weusi, ilivuka mpaka huo wa ubaguzi, na mpiga tarumbeta Mzungu, Max Kaminsky, aliandika baadaye kwamba alipomsikia Armstrong alijiona kama mtu aliyelikodolea jua macho.

Mwimbaji Billie Holiday, aliyeisikia santuri hiyo akiwa msichana mdogo Baltimore, kwenye gramafoni ya danguro alikokuwa akitumwa kazi ndogondogo, alishangazwa zaidi na sauti ya Armstrong, kwa kuwa hakuwahi kumsikia mtu akiimba skati, yaani uimbaji wa silabi tupu zisizo na maneno. Alisimulia kuwa siku nyingine santuri hiyo ilimliza, na siku nyingine, ikiwa ni ile ile, ilimjaza furaha.