Neno la Wiki: Kingamwili

Magazetini tunachanganya “kinga ya mwili” na “kingamwili”. La kwanza ni uwezo mzima wa mwili kupambana na maradhi. La pili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kunasa kijidudu au sumu yake. Tofauti hii tuitunze, maana bila hiyo habari za chanjo hazieleweki.

Tazama kitenzi chenyewe, “kukinga”. Tunakinga mvua kwa mwavuli isitulowanishe. Tunakinga maji ya mvua kwa ndoo tuyapate. Kuzuia na kupokea, yote ni kukinga. Kingamwili nayo hudaka sumu, na kwa kuidaka huizuia.

Chukua mfano wa sumu ya kipindupindu. Ina vipande vitano vya kushikia ukuta wa utumbo, na kimoja kinachoufanya utumbo umwage maji na chumvi. Baadhi ya bakteria wa E. koli hutoa sumu inayofanana nayo sana. Ndiyo maana huko Matlab, Bangladesh, katika jaribio lililoanza mwaka 1985, chanjo ya kipindupindu iliyotiwa vile vipande vya kushikia iliwakinga watu pia dhidi ya kuhara kunakoletwa na E. koli hao, kwa takriban miezi mitatu. Kingamwili zilizoandaliwa kwa sumu moja zilidaka na ya pili.

Kwa kuwa tumeshazoea “masuala mtambuka”, napendekeza kingamwili za namna hii, zinazodaka sumu zaidi ya moja, tuziite “kingamwili mtambuka”. Wahariri na walimu wa biolojia, tulitumie jina hili.