Kufuta Diski na Kurudisha Mfumo wa Kale

Kitenzi kufuta kina matumizi mawili yasiyofanana. Mwenye kufuta vumbi huiacha meza kama ilivyo. Mwenye kufuta deni huliondoa deni lenyewe, wala mdai hana tena la kudai. Katika kazi ya kompyuta matumizi hayo mawili yamechanganyika, na kwa mchanganyiko huo zimepotea kumbukumbu nyingi za watu na za ofisi. Kwa hiyo yafaa kuchunguza historia ya jambo hili, yaani kufuta diski na kuweka upya mfumo endeshi wa zamani, hasa nchini Tanzania, ambako mashine kuukuu hazijaisha kazi.

Kurejea utaratibu wa kale si jambo geni katika nchi hii. Kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio lililofuata la kuzitia hesabu za Serikali katika kompyuta halikufaulu, na fedha nyingi zikapotea; Wizara ikalazimika kurudia mashine za hesabu za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, katazo ambalo lililegezwa baadaye. Aghalabu tukio hilo hutajwa kuwa ni mfano wa kushindwa. Lakini lina funzo la pili. Utaratibu wa kale haukukaa ndani ya chombo kimoja tu: kazi ya hesabu ilikuwa katika madaftari, katika fomu, na katika vichwa vya makarani. Utaratibu wa namna hiyo ukiachwa leo, kesho huweza kuitwa nao ukaitika.

Mfumo endeshi hauna tabia hiyo. Huu ndio programu kuu inayoamka mashine inapowashwa, ikaziongoza programu nyingine. Wala hakuna karani awezaye kuukariri. Wote umo katika diski, na diski ikifutwa umekwenda.

Kwa nini basi mtu afute, kisha arudishe cha zamani badala ya kuweka kipya? Jibu ni la hesabu. Windows XP, iliyotolewa tarehe 25 Oktoba 2001, iliridhika na memori ya megabaiti 64. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai gigabaiti 4, yaani mara 64 ya hiyo. Mtu wa Dirma, katika nchi ya Wairaqw na Wadatooga mkoani Manyara, akiwa na mashine ya miaka ya 2000 iliyoshikwa na virusi, hana nafasi ya kuchagua baina ya ukale na upya. Ama aurudishe mfumo ambao mashine yake yaweza kuubeba, ama mashine iwe sanduku tupu. Si haki kumwita mtu huyo mpenda mambo ya kale.

Hapa ndipo maana mbili za kufuta zinapompata. Diski ya sumaku ikifomatiwa kwa njia ya haraka, kinachoondolewa ni faharasa tu. Maandishi yenyewe yamelala pale pale, na fundi mwenye programu ya kuokoa huweza kuyasoma. Hata njia ndefu, katika Windows XP, ilikagua diski kutafuta sehemu mbovu bila kuyafuta yaliyomo. Ni kuanzia Windows Vista ndipo njia hiyo ilipoanza kujaza sifuri diski nzima. Basi kwa mashine hizo za zamani kufuta kulikuwa kama kufuta vumbi. Kinachoangamiza ni hatua ya pili, yaani kuandika mfumo mpya juu ya ule uliofutwa. Aliyefuta kwa makosa akasita, huenda akaokoa daftari la mahudhurio la shule au hesabu za chama cha ushirika. Aliyeendelea kwa haraka amelifuta deni.

Lakini tuseme kila kitu kilinakiliwa mapema, na mfumo wa kale umewekwa upya bila kasoro. Je, umerudi? Hapana, kilichorudi ni mfumo wa siku ile diski yake ilipochapwa. Diski ya kwanza ya Windows XP, ile ya mwaka 2001, haitambui zaidi ya gigabaiti 137 za diski ya kuhifadhia, kwa kuwa uwezo huo ulikuja na marekebisho ya mwaka 2002. Ngome yake haikuwashwa yenyewe mpaka marekebisho ya Agosti 2004. Mwezi Agosti 2003 kirusi Blaster kilienea duniani, na mashine iliyowekwa mfumo upya bila dawa yake iliweza kuambukizwa dakika chache tu baada ya kuunganishwa na mtandao, kabla mwenyewe hajapata kuipakua dawa hiyo. Mfumo wa kale hurudi pamoja na majeraha yake yote, bila ya matabibu wake: Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014.

Tena hurudi bila Kiswahili. Katika miaka ya 2000 lugha hii iliingia katika kompyuta kwa njia mbili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Na Microsoft ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP. Kifurushi hicho hakikuwa mfumo kamili, bali vazi lililovikwa juu ya mfumo wa Kiingereza. Diski ikifutwa, vazi huenda nalo. Kinachosimama upya ni Kiingereza kitupu. Mwezi Agosti 2020 Microsoft iliondoa katika ghala lake la mtandao mafaili ya Windows yaliyotiwa sahihi kwa utaratibu wa zamani wa SHA-1, na njia ya kurudi ikazidi kuwa nyembamba. Jambo OpenOffice ina bahati zaidi kwa sheria: ni programu huru, na yeyote aliye na nakala, hata akiwa Dirma, ana ruhusa ya kuinakili na kumpa jirani.

Tofauti baina ya Wizara ya mwaka 1974 na mtu wa Dirma ni hii, kwamba ya kwanza ilirudia jambo lililohifadhiwa na watu, na wa pili hurudia jambo ambalo hifadhi yake iko mbali, mikononi mwa wengine. Dawa yake si kuacha kufuta. Ni kuweka karibu, kabla ya kufuta, vitu vinne: nakala za kazi zake, viendeshi vya mashine, marekebisho ya mfumo, na lugha. Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli kwa mali waliyoijua. Lakini diski huchubuka, sumaku hufifia, na akiba ya namna hii huoza kimya kimya isipopata mtu wa kuinakili tena kila baada ya miaka kadhaa.